Uzi: "Tumeiteka Kagera kwa dakika 25" – nani alisema, lini, na alisemaje hasa?

#1 MtuWaKyotera
Salaam. Kila Aprili ikikaribia, majigambo ya Idi Amin kuhusu kuiteka Kagera ya Tanzania mwaka 1978 yanarudi kwenye makundi ya WhatsApp, na kila yakirudi yameongezwa kitu. Nimekusanya matoleo manne:

1. Amin mwenyewe alitangaza Radio Uganda kwamba majeshi yake yameteka Kagera kwa dakika 25.
2. Si yeye, ni msemaji wa jeshi. Alisema ni rekodi katika historia ya dunia, na kwamba askari walikwenda kwa kasi ya kupita sauti.
3. Eneo lililotekwa ni kilomita za mraba 710. Wengine wanaandika maili.
4. Tangazo hilohilo lilisema daraja la Kyaka, la mto Kagera, limelipuliwa, na Nyerere akaalikwa ulingoni, refa awe Muhammad Ali.

Lipi lilitangulia, na mtu aliyeko Kampala atalithibitishaje? Tafadhali, sitaki "babu aliniambia".

#2 Nubi_wa_Bombo
Ni yeye. Uganda ya 1978 nani mwingine angethubutu kujisifu kwa niaba yake? Funga uzi.

#3 Karatasi_Kwanza
Usifunge. Taarifa za enzi ile zilikuwa na mtindo wake: mtangazaji wa Radio Uganda anasoma, na ndani ya taarifa anatajwa "msemaji wa jeshi" bila jina. Watu wengi walikuwa wanaamini msemaji huyo ni Amin mwenyewe, kwamba anatamka maneno kwa simu au mezani kisha yanapelekwa studio. Kwa hiyo la 1 na la 2 hayapingani sana. Gazeti la nje likiandika "Amin alisema" limeruka hatua mbili: mtangazaji na msemaji. Ukitaka kunukuu kwa uangalifu andika "Radio Uganda ilitangaza", basi.

La 4 liondoe kabisa, na tarehe zenyewe zinalihukumu. Tangazo la kwamba Kagera imetwaliwa na mpaka mpya ni mto lilitoka tarehe 1 Novemba 1978. Daraja la Kyaka lililipuliwa tarehe 3. Taarifa ya tarehe 1 haiwezi kusimulia mlipuko wa tarehe 3. Mambo ya ndondi nayo ni ya siku zilizofuata mwezi huohuo. Mtu ameshona vipande vitatu akavipa tarehe moja.

#4 KilembeBoy
Nyongeza ndogo hapo kwenye daraja: kwanza walijaribu kulibomoa kwa mabomu ya ndege, likagoma. Mwishowe akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe ndipo likaenda. Kwa hiyo toleo lolote linalosema "ndege zetu ziliangusha daraja la Kyaka" nalo litupwe.

#5 FundiVifaru
Tuache midomo, tupige hesabu. Kutoka Mutukula, pale mpakani, hadi Kyaka kwa barabara ni takriban kilomita 30. Kufika huko kwa dakika 25 unahitaji wastani wa kilomita 72 kwa saa, bila kusimama na bila kupigwa risasi.

Sasa angalia walichokuwa nacho:
T-55: kama kilomita 50 kwa saa, tena kwenye barabara nzuri. Dakika 36 kwa uchache.
Sherman M4A1: chini ya 40. Zaidi ya dakika 45.
OT-64, zile za magurudumu manane za Kicheki: zaidi ya 90 kwa saa barabarani. Hizi ndizo pekee zingeweza.

Na hiyo ni kasi ya kitabuni. Barabara ile wakati huo haikuwa ya lami. Kifaru kwenye vumbi kinamlazimu aliye nyuma aache nafasi kubwa, la sivyo dereva haoni kitu. Msafara unarefuka na kasi ya msafara ni ya gari la polepole kuliko yote. Tena walipita njia nne, si moja, ambazo nyingine ni vichochoro vya porini. Simulizi za pande zote mbili zinakubaliana kwamba waliingia alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, wakaenda taratibu ingawa waliokuwa mbele yao ni wachache na silaha ndogo, wakafika upande wa Kyaka jioni.

Alfajiri mpaka jioni. Hizo ni dakika 600 na ushee.

#6 Banange256
Na wewe umesahau "kasi ya kupita sauti". Sauti ni kama kilomita 1,235 kwa saa. Kwa dakika 25 ni kilomita 515. Kutoka Mutukula kwenda kusini wangekuwa wameshapita Tabora, wanatafuta chakula cha mchana. 😂

#7 Nubi_wa_Bombo
Mnamchekea mzee lakini Mutukula yenyewe ilianguka haraka. Hakuna aliyesema dakika 25 ni mpaka Kyaka. Inaweza kuwa ni muda wa kuvuka mpaka na kuvunja ulinzi wa kwanza. Kazi ya saa moja kasorobo ya mizinga na OT-64, ulinzi umekwisha. Afisa anaripoti kwa redio Kampala "tumemaliza kwa dakika 25", Kampala inaelewa tumemaliza Kagera yote.

#8 FundiVifaru
"Saa moja kasorobo" ni dakika 45, ssebo. Ila wazo lako silitupi. Ni la kwanza lenye maana kwenye uzi huu. Tatizo lake ni kwamba tangazo linaunganisha dakika 25 na eneo zima la 710, si na kituo cha mpakani.

#9 Mzani_na_Rula
Kuhusu hilo 710, jibu ni jepesi na halihitaji maktaba. Eneo la kaskazini ya mto Kagera upande wa Tanzania ni karibu kilomita za mraba 1,840. Gawanya kwa 2.59 unapata 710. Kwa hiyo 710 ni maili za mraba. Aliyeandika "kilomita za mraba 710" amechukua namba ya maili akabadilisha kipimo bila kubadilisha namba, na amepunguza vita kwa zaidi ya nusu. Ukiona makala yenye "km² 710" jua mwandishi amenakili kwa mwingine, hakugusa ramani.

Kosa la pili ni kuandika "710" halafu "1,840" kwenye makala moja kama maeneo mawili tofauti. Nimeona likitumika kuonyesha kwamba Amin "alidanganya hata ukubwa". Kwenye ukubwa hakudanganya.

#10 Mhaya_Kaskazini
Habari za huko jirani. Huku kwetu Kagera hakuna anayebishana kuhusu dakika. Lakini mjue kwa nini mstari uko pale: mpaka ni nyuzi 1 kusini mwa ikweta, uliopigwa na Waingereza na Wajerumani kwenye ramani mwaka 1890. Mto unapinda kusini ya mstari. Ndiyo maana Amin alikuwa na hoja ya "mpaka wa asili ni mto", na ndiyo maana tangazo lake halikusema tu "tumeshinda", lilisema mpaka mpya ni Kagera. Ukitafuta toleo halisi, kipande hicho cha mpaka lazima kiwemo. Toleo lisilo nacho limekatwa.

#11 MtuWaKyotera
Asante Mhaya, hicho ni kipimo kizuri. Karatasi_Kwanza, sasa niambie nianzie wapi. Maandishi yako wapi?

#12 Karatasi_Kwanza
Kwa mpangilio huu, na usiruke:

Kwanza, ripoti za wasikilizaji wa redio. BBC walikuwa na kituo cha kusikiliza matangazo ya eneo hili huko Karen, Nairobi. Walichosikia kilichapwa kwenye kijitabu cha kila siku, SWB, sehemu ya Mashariki ya Kati na Afrika. Wamarekani walikuwa na chao, FBIS. Juu ya kila habari kuna mstari unaotaja kituo, lugha, saa na tarehe ya tangazo. Huo mstari ndio dhahabu. Maneno yenyewe yanafuata.

Soma alama zake. Kama imeandikwa ni muhtasari au dondoo, usinukuu kama maneno kamili. Neno lenye alama ya kuuliza mbele yake msikilizaji hakulisikia vizuri. Pakiandikwa maneno hayakusikika, hapo pana pengo, na ni kwenye mapengo hayo ambapo watu hujaza walichotaka kisemwe.

Pili, saa. Zote ni za GMT. 1700 ni saa mbili usiku Kampala, yaani taarifa ya habari ya jioni. Nimeona makala mbili zikisema tangazo lilitoka "saa kumi na moja jioni". Wamesoma 17:00 kama saa ya hapa. Na tangazo la baada ya saa sita usiku kwa saa zetu litabeba tarehe ya jana yake kwa GMT. Toleo la tarehe 31 Oktoba na la tarehe 1 Novemba linaweza kuwa tangazo moja.

Tatu, tarehe ya kijitabu si tarehe ya tangazo. Kinachapwa siku moja au mbili baadaye.

Nne, Voice of Uganda, gazeti la serikali (lile lililokuwa Uganda Argus kabla ya 1972). Tafuta juzuu zilizojalidiwa maktaba ya Makerere, sehemu ya Afrika. Angalia tarehe 1 mpaka 4 Novemba, si siku moja.

#13 Wakili_wa_Shetani
Naongeza onyo ambalo Karatasi amelipita. SWB na FBIS walikuwa wanagawana kazi. Tangazo la Kampala likisikilizwa Karen, andiko linakwenda kwa wote wawili. Ukiyakuta maneno yaleyale kwenye vyote viwili usiseme "mashahidi wawili wamekubaliana". Ni sikio moja. Nayo mashirika ya habari yaliyokuwa Nairobi, kwa kuwa waandishi wa nje walishafukuzwa Kampala, yalikuwa yanasikiliza Radio Uganda au yanategemea ripoti hizohizo. Magazeti 50 ya dunia yenye "dakika 25" yanaweza kurudi kwenye redio moja na mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni.

Shahidi wa pili wa kweli ni Voice of Uganda, kwa sababu iliandikwa kutoka kwenye karatasi ya taarifa, haikusikilizwa hewani. Kama gazeti lina 25 na redio ina 25, basi karatasi ilikuwa na 25. Hapo ndipo tunaanza kuzungumza.

#14 Banange256
Halafu tutakuwa tumethibitisha nini? Kwamba karatasi ilidanganya kwa uaminifu?

#15 Wakili_wa_Shetani
Ndiyo. Kazi ya mleta mada ni kujua kilichosemwa. Kama kilikuwa kweli, FundiVifaru kashamaliza.

#16 Sauti_ya_Jinja
Mbona mnahangaika na karatasi, sauti yake ipo YouTube! Anasema kabisa, na vifaru vinaonekana vikipanda kilima, helikopta juu.

#17 Karatasi_Kwanza
Weka pembeni hiyo. Kilima, helikopta na askari wanaokimbia ni mazoezi ya kuigiza kuteka milima ya Golan, yaliyopigwa kwenye filamu ya hali halisi ya 1974. Miaka minne kabla ya Kagera. Kama sura ni nzito na picha ina rangi safi kupita kiasi, uwezekano wa pili ni filamu ya 1981 ambamo Joseph Olita wa Kenya aliigiza kama Amin. Alifanana naye mno hata leo picha zake zinawekwa kwenye makala za historia.

Njia ya haraka: tazama cheo na medali. Alijipa cheo cha Field Marshal mwaka 1975. Kwenye picha za 1974 bado anaitwa Jenerali. Kama maelezo ya video yanasema 1978 na sauti ndani inamwita Jenerali, mwongo ni maelezo. Vivyo hivyo "Rais wa Maisha" ni kuanzia 1976, na "Mshindi wa Dola ya Uingereza" ni kuanzia 1977 baada ya Waingereza kuvunja uhusiano mwaka uliotangulia. Vyeo vyake ni kalenda. Kila sherehe aliongeza kimoja.

#18 FundiMitambo
Kwa anayepata sauti yenyewe, iwe kwenye mkanda au nakala ya mkanda, sikilizeni hili.

Mikanda ya studio ilikwenda sentimita 19 kwa sekunde. Ya kuhifadhi habari mara nyingi 9.5. Reli ya inchi 7 yenye futi 1,200 inatoa dakika 32 kwa kasi ya kwanza na 64 kwa ya pili. Ukicheza ya 9.5 kwenye mashine iliyowekwa 19, hata mtoto atajua. Hatari ni mashine iliyochoka, inayokwenda pungufu kwa asilimia 3 au 4. Sauti inakuwa nzito kidogo, na watu wanasema "huyu si Amin", au mwigizaji anageuka kuwa Amin.

Pima hivi: fungua faili kwenye Audacity (programu ya sauti ya kompyuta), chagua sehemu yenye ukimya, tazama mchoro wa masafa. Umeme wa Uganda ni Hz 50, na mngurumo wake uliingia kwenye kurekodi. Kilele kikikaa 48, mkanda ulichezwa polepole. Rekebisha kasi mpaka kirudi 50, halafu ndiyo ulinganishe sauti. Tahadhari: nakala ya nakala ina ngurumo zaidi ya moja, kila mashine imeacha yake. Ukiona vilele viwili, 48 na 50, cha 50 pengine ni cha mashine ya mwisho na cha 48 ndicho cha asili.

Jambo la pili. Mikanda ya miaka ya 70 yenye gundi ya poliurethani hufyonza unyevu na kunata. Ukiicheza hivyo inapiga kelele na unga wa kahawia unabaki kwenye kichwa cha mashine. Huo unga ndiyo hotuba yako. Mafundi huipasha kwenye joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nane au zaidi, wanaiacha ipoe, wanainakili palepale kwa sababu hunata tena baada ya wiki chache. Mkanda wa zamani wa asiteti usipashwe kamwe, utajikunja. Namna ya kuutambua: inua reli kwenye mwanga, asiteti hupitisha mwanga pembeni. Na tafadhali, si oveni ya gesi ya jikoni.

#19 DadaMbarara
Webale FundiMitambo. Watu wa picha pia wasisahau: mwaka 2015 zilipatikana negativu takriban 70,000 za wapiga picha wa Wizara ya Habari pale UBC, shirika la utangazaji la Uganda, na nyingine zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda 2019. Negativu zilikaa kwenye bahasha zenye maelezo. Amin alitembelea eneo lile na kupigwa picha na silaha zilizoachwa na Watanzania, kwa hiyo bahasha za siku hizo zinaweza kusaidia kujua alikuwa wapi tangazo lilipotoka. Bahasha lakini iliandikwa na karani wa serikali. Inaeleza serikali ilitaka picha iitweje, hivyo isomeni kwa akili hiyo.

#20 Banange256
Turudi kwenye 25. Nina nadharia. Alichukua nchi tarehe 25 Januari 1971. Namba yake ya bahati hiyo.

#21 Wakili_wa_Shetani
Na Mbarara ilianguka tarehe 25 Februari 1979. Bahati kweli.

#22 DadaMbarara
Umenikumbusha saba saba bure, yale maroketi ya Watanzania.

#23 Mzani_na_Rula
Nadharia ya namba ya bahati haipimiki, tuiache. Mimi naona hivi: aliyeandika taarifa alitaka muda mfupi unaosikika kama umepimwa. "Nusu saa" inasikika kama makadirio. "Dakika 25" inasikika kama mtu alikuwa na saa mkononi. Mwandishi yeyote wa propaganda anajua hilo.

#24 Nubi_wa_Bombo
Au makamanda walimdanganya yeye. Mnasahau hilo. Maafisa walio mbele wanaripoti jeshi la Tanzania limefutika kabisa eneo lile, kumbe halijafika hata. Kampala inapokea, inatangaza. Amin hakuwa na njia ya kuhakiki. Kila ngazi inaongeza asali kwa sababu kupeleka habari mbaya juu kulikuwa hatari.

#25 FundiVifaru
Basi niambie kwa nini walikaa kutoka tarehe 30 mpaka tarehe 1 bila kutangaza. Ushindi wa dakika 25 unasubirije siku mbili? Kama ripoti ya uwanjani ilikuwa ya moto namna hiyo ingesomwa jioni ileile. Mimi nasema namba ilitengenezwa mezani, Kampala, kwa utulivu.

#26 Nubi_wa_Bombo
Walisubiri wajue Tanzania itajibu au la. Si kila ukimya ni wa kutunga.

#27 PembeYaKushoto
Nimechelewa, ila ile ya ndondi nayo ina matoleo. Moja: atapigana mkono mmoja ukiwa umefungwa nyuma. Mbili: mkono umefungwa NA miguu ina uzito. Tatu: Ali refa. Ripoti nilizoona za Novemba 1978 zina vyote vitatu. Toleo la mkono mmoja tu ni fupisho la baadaye. Pia kuna anayesema alitaka kuwaepusha askari wasife, ndiyo maana wapigane wao wawili.

Wanaoandika "bingwa wa uzito wa juu wa Uganda, 1951 hadi 1960" wapimeni pia. Vyanzo vingine vinasema daraja la chini yake, na huko ndondi za ridhaa zina kikomo cha kilo 81 tangu 1952. Mtu wa sentimita 193 kukaa kwenye kilo 81 miaka yote hiyo, tena anayekula mlo wa jeshi? Inawezekana alianzia chini akapanda. Inawezekana pia mwandishi mmoja alikosea na kumi wakanakili.

#28 Karatasi_Kwanza
Kwenye majigambo ya jeshi huyo mzee hakuwa na breki. Ilidaiwa alipigana Burma katika Vita vya Pili. Aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946, kama msaidizi wa mpishi. Vita viliisha 1945.

#29 Mhaya_Kaskazini
Mmeshughulika na Amin tu. Upande wetu nao una tatizo lilelile. Mwalimu, tarehe 2 Novemba 1978. Watu wananukuu:
"Nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao."
"Sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao."
"Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo."
Kila mmoja anaapa kasikia kwa masikio yake.

#30 Wakili_wa_Shetani
Hapo angalau kuna sauti. Sikiliza iliyorekodiwa na Radio Tanzania, si nakala ya dakika moja ya simu. Kipande kinachozunguka mara nyingi kinaanza kwenye "kazi moja tu, ni kumpiga" na kukatwa mapema. Mtu akikata na kubandika kwa ajili ya mdundo, mpangilio unabadilika. Tafuta mshono: pumzi iliyokatwa katikati, au kelele za ukumbi zinazoruka ghafla.

#31 Mhaya_Kaskazini
Naliona tofauti. Maneno yale yalirudiwa na viongozi, kwaya, wanafunzi mistarini. Anayeimba anaweka "uwezo tunao" mwisho kwa sababu linafunga vizuri. Baada ya miaka 40 toleo la kuimba limefunika la kuhutubia. Hakuna aliyekata mkanda.

#32 FundiMitambo
Mkanda ukipatikana wa kasi sahihi, mbishi atanyamaza kwa dakika moja.

#33 Banange256
Ishirini na tano.

#34 MtuWaKyotera
😂 Kale. Naona Jumatatu nikianza na Voice of Uganda. Kuna la kuzingatia nikipiga picha kurasa?

#35 Karatasi_Kwanza
Omba ruhusa ya kamera mezani kwanza, bila mwako. Picha ya kwanza ni kichwa cha gazeti chenye tarehe na namba ya toleo. Ya pili ukurasa mzima. Ya tatu na kuendelea ni safu kwa safu, ukiacha mistari mitatu ya safu iliyotangulia iingie kwenye picha inayofuata ili viungane. Usipige aya unayoitaka peke yake. Habari za ukurasa wa 1 zilikuwa zinamalizikia ndani, na mara nyingi jina la aliyetamka liko kwenye kipande cha ndani. Juzuu zilizojalidiwa hula ukingo wa ndani. Usizikandamize, inua upande mmoja na upige kwa mshazari. Na piga tarehe 14 na 15 Novemba pia, alipotangaza kuondoa majeshi. Kama taarifa ya kuondoka inarudia muda au eneo, tutaona namba ileile imebaki au imeyeyuka.

#36 DadaMbarara
Swali moja la mwisho kutoka kwangu. Radio Uganda ilikuwa inatangaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kuna aliyeona taarifa ya Kiswahili ya siku ile? Huenda ilikuwa na urefu tofauti.

#37 Karatasi_Kwanza
Mstari wa juu wa SWB unataja lugha. Kwa kawaida wasikilizaji walichukua taarifa ya Kiingereza kwanza na kuacha nyingine zikifanana. Ukikuta yenye Kiswahili juu yake, weka hapa namba ya toleo na ukurasa.

#38 Nubi_wa_Bombo
Na mkiipata, angalieni kama ina msemaji wa jeshi au haina.